Machozi ya Shabiki Si Unafiki

Ukipanda daladala la Sinza, mahali fulani njiani utamsikia konda akiuliza, "Kwa Remmy wapo?" Abiria wawili watatu wanaitikia, "Wapo, shusha!" Gari linasimama, wanashuka, safari inaendelea. Remmy Ongala alifariki Desemba 13, 2010. Wengi wa wanaoshuka pale hawakuwahi kumwona jukwaani na Super Matimila. Wapo vijana wasiojua kabisa kwamba Remmy huyo alikuwa mwanamuziki, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo, aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, akaishi hapa hadi akazikwa hapa. Hata hivyo jina lake wanalo mdomoni kila siku ya Mungu. Na jambo ninalotaka msomaji alishike tangu sasa ni hili: mahali pale paliitwa kwa Remmy yeye mwenyewe akiwa hai, anaishi pale pale, anapishana na watu hao hao barabarani.

Nimeanza na kituo cha daladala kwa sababu nimechoka na maneno fulani. Kila msanii anapofariki katika nchi hii, kabla hata jeneza halijafika makaburini, maneno hayo yanaanza. Anayasema mshereheshaji aliyeshika kipaza sauti, anayasema mchambuzi redioni, anayasema msanii mwenzake marehemu kwa uchungu wa kweli kabisa: "Leo mmejaa hapa. Alipokuwa hai mlikuwa wapi? Ninyi mnamthamini mtu akishakufa. Machozi yenu ni ya mamba. Mpeni mtu maua yake akiwa hai." Umati unainamisha vichwa kama watoto waliokutwa na mkono kwenye kopo la sukari. Hakuna anayebisha, maana msibani hapabishwi. Basi kauli hiyo imekwenda miaka mingi bila kujibiwa, imeota mizizi, na sasa inasemwa kama methali ya wahenga. Mimi naijibu. Nasema si kweli, na nasema kuna watu inawafaa.

Aprili 10, 2012 nilikuwa Leaders Club, Kinondoni, siku ya kumuaga mwigizaji wa filamu Steven Kanumba. Alikuwa amefariki usiku wa kuamkia Aprili 7, akiwa na umri wa miaka 28. Sijawahi kuona watu wengi kiasi kile kwa ajili ya mtu asiye kiongozi wa serikali. Kuna waliozimia wakabebwa mikononi hadi kivulini. Mwanamke mmoja aliyebanwa na umati pembeni yangu alikuwa muuza vitumbua. Alinieleza kwamba alfajiri alikaanga kama kawaida yake, kisha akavigawa vyote kwa majirani, kwa sababu hakuwa na moyo wa kukaa na sinia siku hiyo, akapanda magari mawili kuja. Nyumbani alikuwa na sidii za Kanumba alizonunua moja moja, kila biashara ilipomwachia cha ziada. Akanihesabia kwa vidole: Dar 2 Lagos, Uncle JJ, na nyingine ambazo sasa zimenitoka. Alisema jioni, akishafunga biashara, binti zake wawili walikuwa wakikaa naye kitandani wakitazama, na hiyo ndiyo ilikuwa saa pekee ya siku waliyocheka pamoja.

Jioni ile nilipita kijiwe cha kahawa. Mzee mmoja, mtu wa heshima zake, akasema, "Wanafiki wale. Wangemsaidia akiwa hai." Wenzake wakaitikia. Sikumjibu, kwa adabu, na nimejilaumu tangu siku ile. Nilipaswa kumuuliza: Mzee wangu, yule mama wa vitumbua angemsaidia vipi zaidi ya alivyomsaidia? Alinunua kazi yake kwa hela ya mafuta na unga wa mchele. Katika biashara ya filamu za Kibongo za miaka ile, mtengenezaji alizoea kumuuzia msambazaji haki za filamu yake moja kwa moja, kwa malipo ya mkupuo. Baada ya hapo nakala ziuzwe elfu moja, ziuzwe laki moja, kwake yeye hakiongezeki kitu. Hela ya mama yule ilitoka mfukoni mwake vizuri. Isipomfikia msanii, imekwamia njiani, na yeye hakuwa mtu wa njiani.

Hapo ndipo kauli hii inapoanza kunichoma. Inaona umati unaolia na msanii aliyekufa bila nyumba, ikahukumu kuwa wa kwanza ndiye aliyemfilisi wa pili. Waliosimama katikati haiwataji.

Tuje kwenye muziki, ambako deni ni la zamani zaidi. Muhidin Maalim Gurumo aliingia NUTA Jazz mwaka 1964. Bendi ile ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa vya chama, na wanamuziki walikuwa waajiriwa wa kulipwa mshahara. Jina likabadilika kuwa Juwata, likawa OTTU, hadi ikawa Msondo Ngoma tunayoijua. Katikati ya safari hiyo Gurumo akawa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park mwaka 1978, ile Sikinde, na mwaka 1985 akaenda Orchestra Safari Sound. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo pa kurekodia palikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi inaingia studio, inarekodi, wimbo unapigwa hewani miaka nenda miaka rudi, na mwanamuziki anarudi kwenye mshahara wake au kwenye mgao wa kiingilio cha mwisho wa wiki. Kiwanda cha kuchapa sahani za santuri hatukuwa nacho. Aliyetaka sahani alitazama Nairobi.

Gurumo alipotangaza kustaafu mwaka 2013, mwanamuziki kijana Diamond Platnumz alimzawadia gari. Nchi ilisifu, na mimi nilisifu kwa moyo wote, maana kijana alifanya jambo la mwana kwa baba yake. Aprili 13, 2014 mzee akafariki, akazikwa kijijini Masaki, Kisarawe. Na kama ilivyo ada tukaambiwa: mmeona, mashabiki, mlimwacha mzee hivi hivi mpaka mtoto akaona aibu kwa niaba yenu.

Tulimwacha lini? Ni nani waliojaza kumbi za Msondo na Sikinde miaka yote ile? Ushindani wa bendi hizo mbili ulikuwa kama wa Simba na Yanga: nyumba moja, baba Msondo, mama Sikinde, na Jumapili hawapandi gari moja. Fundi cherehani, karani wa bandarini, mpiga debe wa stendi, mwalimu wa shule ya msingi, wote walipanga foleni mlangoni na kulipa. Wapo waliolipa kiingilio wakarudi nyumbani kwa miguu kwa sababu nauli ndiyo iliyokuwa kiingilio. Kilichotokea kwa hela ile baada ya kupita dirisha la tiketi, shabiki hakuwa na daftari lake. Na wimbo ulipopigwa redioni mara elfu, shabiki hakuwa ndiye mwenye redio.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tuliyonayo ni ya mwaka 1999, nayo ndiyo iliyozaa COSOTA, taasisi ya kusimamia hakimiliki. Mwanzoni mwa mwaka 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wanamuziki, ikawa habari kubwa, na ilistahili kuwa kubwa. Lakini tazama umbali wake. Gurumo alianza kuimba mwanzoni mwa miaka ya 1960. Siku ya mgao ule alikuwa kaburini kwa karibu miaka 8. Taasisi zenye sheria, mihuri na wanasheria zilichukua muda huo wote kufika hapo, halafu muuza vitumbua ndiye anayeulizwa alikuwa wapi.

Au mchukue Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 8, 2018. Alituchekesha tangu tukiwa wadogo hadi tukazaa. Alipolala kitandani mgonjwa, habari za mikataba yake ya kazi zikawa gumzo la taifa, hadi aliyekuwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kushughulikia haki za wasanii na mikataba inayowanyonya. Kamati ile haikuundwa kwa ajili ya mashabiki. Serikali yenyewe ilipotafuta kidonda kiko wapi, ilishika karatasi zilizotiwa saini kati ya msanii na mwenye biashara. Tangu mwaka ule hakuna mtu mwenye haki ya kusimama mbele ya jeneza la mchekeshaji na kuwaambia waliocheka naye kuwa wao ndio waliomla.

Najua nitajibiwa: mashabiki mlinunua kanda za kudurufu. Kweli, sitaficha. Mimi mwenyewe nikiwa kijana nilikuwa naandika orodha ya nyimbo kwenye karatasi ya daftari, nanunua kanda tupu, nampelekea kijana wa kibanda cha kurekodi, kesho yake naikuta tayari, nyimbo sita upande huu na sita upande ule. Nilimlipa yeye. Mtunzi hakupata hata senti yangu. Hilo lilikuwa kosa, na anayelifanya leo kwa simu yake analijua kuwa kosa kuliko nilivyolijua mimi. Lakini kwa nyimbo zile nilizoandika kwenye karatasi, dukani hapakuwa na kanda halali ya kuuziwa. Zilikuwa zimerekodiwa studio ya redio na zikabaki kabatini kwa redio. Mtu mwenye kiu akinywa maji ya kisima kisicho chake kwa sababu bomba halijafungwa mtaani kwake, mkemee, lakini usimwambie hakuwa na kiu.

Halafu hayo maua. Usemi huu wa kumpa mtu maua yake umeingia juzi tu katika mazungumzo yetu, na nadhani wanaoutumia wamesahau kwamba tuna desturi yetu iliyokomaa kuliko hiyo. Nenda kwenye taarab. Mwimbaji akigusa ubeti unaomkuna mtu, mwanamke anainuka kitini, anaweka mtandio wake vizuri, anakwenda mbele kwa mwendo wa madaha, noti mkononi. Anambandika mwimbaji kipajini au anamtia kiganjani, anazunguka mara moja mbele ya watu wote, anarudi alikotoka. Mwingine anainuka. Wa tatu hana noti kubwa, anakwenda na sarafu zake. Huko ndiko kumtunza msanii. Anatunzwa akiwa hai, mbele ya macho yake, kwa fedha taslimu, na kila mtu anaona nani katoa. Bi Shakila, aliyefariki Agosti 2016, alitunzwa hivyo. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 17, 2013, alitunzwa hivyo. WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, walimpa tuzo yao mwaka 2005, na ni heshima kubwa, ila Unguja ilikuwa imeshamtunza kabla ya waliompa tuzo hiyo kulijua jina lake.

Na tukimsifu msanii akiwa hai, tunaitwaje? Nauliza kwa dhati. Kijana akiweka picha ya mwanamuziki ampendaye kwenye simu yake, akabishana kwa ajili yake kijiweni, akanunua fulana yenye sura yake, anaambiwa ni chawa, anaambiwa hana akili, anaambiwa badala ya kutafuta maisha anapigania maisha ya mwenzake. Watu wazima watamwonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku mwanamuziki huyo akifa na kijana yule yule akatoa chozi, wale wale wanamgeukia: ulikuwa wapi? Alikuwa hapo hapo mlipokuwa mkimtukana.

Hata ugonjwa ulipoingia, watu hawakukaa kimya. Mwaka 2012, Juma Kilowoko, mwigizaji tuliyemjua kwa jina la Sajuki, alipozidiwa, michango ilipitishwa hadi akapelekwa India kwa matibabu. Walichanga watu wasiojuana naye. Alifariki Januari 2, 2013. Michango ile haikumponya. Ila asije mtu akaniambia kuwa waliomlilia hawakuwepo alipokuwa anaumwa.

Kuna sehemu ya kauli hii inayonishangaza zaidi kwa kuwa inasemwa na watu waliolelewa katika mila zetu. Tangu lini msibani mtu akaulizwa sifa za kulia? Jirani uliyegombana naye kwa ajili ya mpaka wa ua, siku akifa unakwenda. Unakaa kwenye mkeka na wanawe, unakula ubwabwa uliopikwa na watu, unashika jembe makaburini. Pale mlangoni kuna daftari la rambirambi na kijana anayeandika majina. Daftari hilo lina safu ya jina na safu ya kiasi. Halina safu ya kuuliza ulimpa marehemu nini mwaka jana. Wazee waliotuwekea utaratibu huu hawakuwa wajinga. Walijua kwamba ukianza kuwachuja waombolezaji kwa matendo yao ya nyuma, hakuna atakayebaki wa kubeba jeneza, hata ndugu wa damu. Kila familia inayosoma maneno haya ina ndugu aliyelia sana kwenye mazishi ya mama aliyekuwa hamtembelei. Tunamwacha alie. Kwa nini shabiki pekee ndiye anayesimamishwa mlangoni?

Wengine wana hoja tofauti kidogo: mnamlilia mtu msiyemjua, naye hakuwajua. Hii nayo imezoeleka, na inasikika kuwa ya busara.

Mwanamuziki Albert Mangwea, Ngwair, alifariki Johannesburg Mei 28, 2013, akaletwa nyumbani, akazikwa Morogoro. Mdogo wangu, mtu mzima mwenye mke, alikaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba akalia. Shemeji yetu akamuuliza kwa kumhurumia, "Kwani alikuwa ndugu yako?" Akanyamaza. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari wa bweni mwaka 2004, albamu ya a.k.a. Mimi ilipotoka. Bweni zima lilikuwa na redio moja ya betri. Mikasi na Ghetto Langu walizijua mstari kwa mstari, wakaziimba wakichota maji, wakiadhibiwa, wakisubiri barua za nyumbani ambazo hazikuja. Aliniambia baadaye kwamba mwaka ule baba yetu alikuwa mgonjwa na yeye hakuwa na mtu wa kumweleza, na kwamba sauti ya Ngwair ndiyo iliyokuwa ikimlaza usingizi. Basi anamjua au hamjui? Kuna wajomba zangu wa damu ambao hawajawahi kukaa naye saa nyingi kiasi hicho.

Nyumba zetu zina ndugu wa aina mbili: aliyezaliwa humo, na yule ambaye sauti yake imeishi humo. Wa pili halali chumba chochote, lakini yupo wakati wa kupika, wakati wa kufua, wakati wa harusi ya dada, wakati wa kusafiri usiku kwenda kuzika. Akifa, kitu kimetoka ndani ya nyumba. Na wazee wetu wanajua siri ya kilio cha pamoja, kwamba ndani yake kila mtu ana wake anayemlilia. Mdogo wangu alimlilia Ngwair, akamlilia baba, akaulilia ujana wake. Vyote vitatu vilikuwa vya haki.

Kuna jambo moja nawapa wapinzani wangu bila kubisha. Kupiga picha mwili wa marehemu na kuisambaza, kutangaza kifo cha mtu ambaye bado anahema, kubandika kichwa cha habari cha uzushi juu ya jeneza ili watu wabofye: hayo ni machafu, na anayeyafanya anastahili kukemewa hadharani. Lakini mtazameni ni nani. Mara nyingi ni mfanyabiashara wa habari za misiba, ambaye kesho atahamia kwenye talaka na keshokutwa kwenye ajali. Shabiki wa kweli ndiye anayeumia zaidi kuiona picha hiyo. Msiwachanganye.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe ya kukumbuka, maana wanaosema "mtu akishakufa amekufa, maua kaburini hayanukii" wanadhani kukumbuka ni kukaa na kusikitika.

Mwimbaji Siti binti Saad alifariki Julai 1950. Mwaka 1928 alikuwa amevuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, mwanamke wa shamba aliyewahi kuuza vyungu mitaani. Sahani zile zilichakaa, zikavunjika, zikapotea majumbani. Kwa nini basi mtoto wa shule wa leo analijua jina la Siti? Sehemu kubwa ni kwa sababu mtu mmoja aliyemhusudu, Shaaban Robert, aliketi akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Kile ni kitabu cha mpenzi wa msanii. Tumezoea kukiita kitabu cha fasihi, na ni hivyo, lakini kilizaliwa na kitu kile kile kilichomtoa mama wa vitumbua kwenye sinia lake: alivutwa na mtu, hakutaka apotee hivi hivi. Mmoja alikuwa na kalamu ya Shaaban Robert, mwingine alikuwa na nauli ya magari mawili. Kila mmoja alitoa alichonacho.

Mjomba wangu wa Tanga hakuwa na kalamu ya namna hiyo. Alikuwa na redio kaseti na sanduku la mbao. Miaka na miaka alinasa nyimbo za bendi kutoka redioni, kidole kikiwa juu ya kitufe, akimkemea mtoto yeyote atakayekohoa. Kila kanda aliiandika kwa peni ya bluu: bendi, mwimbaji, kipindi, tarehe. Alipofariki, wanawe walitaka kulitupa sanduku. Nililichukua mimi. Kanda nyingine zimeshika ukungu, nyingine bado zinasikika. Zipo nyimbo mbili humo ambazo sijazisikia tena popote, si redioni wala mtandaoni, na nimezitafuta. Huenda mkanda wa asili wa nyimbo hizo umelala kwenye rafu fulani, huenda umeoza. Kama umeoza, nyimbo hizo ziko duniani kwa sababu ya karani mmoja wa mkonge aliyependa dansi, mtu ambaye hakuna aliyempa shukrani na ambaye, kama angekwenda kumzika mmoja wa waimbaji hao, angeambiwa ni mnafiki.

Msanii aliye hai anaweza kujitetea. Ana mdomo, ana meneja, ana onyesho la Ijumaa. Aliyekufa hana kitu isipokuwa wanaomkumbuka. Familia itafanya hitima au misa, itafanya arobaini, itaanua tanga na kurudi kutafuta riziki, na ni haki yao. Wanaobaki kuomba wimbo wake Jumapili katika kipindi cha zilipendwa, kuuimba vibaya kwenye sherehe ya kipaimara, kumsimulia kijana kwamba alikuwepo mtu aliyekuwa akipiga gitaa hivi, ni hao hao wenye machozi ya mamba.

Nilisema kauli hii ina watu inaowafaa. Umati ukishakubali kuwa ndio wenye hatia, hakuna atakayeuliza habari za mikataba. Hakuna atakayeuliza wimbo wa marehemu umepigwa mara ngapi mwaka huu na nani kalipwa. Mwenye deni anakaa mstari wa mbele akiwa amevaa nyeusi, anatoa ubani, anapigiwa makofi, na aliyekuja kwa daladala anarudi nyumbani akiona aibu.

Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa. Sheria yetu ya 1999 inalinda haki ya mtunzi kwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Piga hesabu mwenyewe: utunzi wa Mbaraka una wenyewe hadi mwaka 2029. Na nyimbo zake bado zinapigwa, kwenye redio, kwenye baa, kwenye mabasi ya kwenda Morogoro. Mashabiki wake, ambao wengi sasa ni bibi na babu, wametimiza yao. Wamemkumbuka kwa zaidi ya miaka 40 bila kulipwa na mtu, wamewafundisha wajukuu kulitamka jina lake. Ninyi wenye vituo vya redio, wenye kumbi, wenye mabasi na wenye biashara ya kuuza muziki mtandaoni, ilipeni mirabaha ya marehemu kama mnavyolipa bili ya umeme. Bado mna muda kabla ya 2029. Na wewe utakayepewa kipaza sauti katika msiba ujao, ukiwakuta watu wamejaa uwanjani wanalia, waache walie.